Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa 2024

Ndugu wanachama,

Msimu wa kwanza wa kocha Mike Elko katika futiboli ya Kimarekani pale chuo kikuu cha Texas A&M umeisha kwa ushindi mara 8 na vipigo 5. Oktoba tuliichapa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) 38–23 tukaanza kuota makubwa. Katika mechi tano zilizofuata tukapoteza nne. Kilichouma zaidi ni Novemba 30. Watani wetu Texas (Chuo Kikuu cha Texas) walirudi Kyle Field, uwanja wetu, mara ya kwanza timu hizi kukutana tangu 2011, wakaondoka na ushindi wa 17–7. Ya uwanjani mliyaona. Kazi ya chama chetu cha mashabiki iko jukwaani, na huko tuna ya kurekebisha.

Wanachama wengi wapya wamelelewa na soka, ambako shabiki hukaa na kuinuka apendavyo. Kwa wanafunzi wa A&M, mechi nzima ni kusimama. Chanzo ni Januari 2, 1922, mjini Dallas, dhidi ya Centre College. Mwanafunzi E. King Gill alikuwa ameshaacha futiboli na kuhamia mpira wa kikapu. Siku hiyo alikuwa juu kwenye chumba cha waandishi, akiwasaidia kutambua wachezaji. Majeruhi walipozidi, kocha Dana X. Bible akamwita. Akavaa jezi ya aliyeumia, akasimama pembeni hadi mwisho. Hakuingizwa, na A&M wakashinda 22–14. Ndiye Mtu wa 12, na asimamaye leo anasema yuko tayari kama yeye.

Jina hilo, kwa Kiingereza chake “12th Man”, ni alama ya biashara iliyosajiliwa na chuo tangu 1990. Mwaka 2006 hata Seattle Seahawks, timu ya kulipwa, walishtakiwa kwa kulitumia. Kwa hiyo wanaoulizia fulana za chama zenye maneno hayo, jibu ni hapana.

Shangwe nayo ina utaratibu wake. Viongozi ni watano, huchaguliwa na wanafunzi wenzao. Wakitoa ishara ya mikono, irudie ili walio nyuma yako waione, ipande safu kwa safu. Kisha inama, viganja juu kidogo ya magoti, ndipo upaze sauti. Wengi wetu hupiga kelele mara tu tunapoiona ishara, kabla haijafika juu, na katika uwanja wa watu 102,733 matokeo yake ni vurugu tupu. A&M wakiwa na mpira, punguza sauti, wachezaji wasikie maelekezo. Na kuzomea hakuna.

Sasa suala la moto. Baadhi yenu mliomba tuwashe wetu kabla ya mechi na Texas, kama desturi ya zamani ya wanafunzi kujenga rundo la magogo na kuliwasha. Kamati imekataa. Novemba 18, 1999, saa nane na dakika 42 usiku, rundo la magogo kama 5,000, lenye urefu wa futi 59, liliporomoka likingali linajengwa. Walikufa 12, wakajeruhiwa 27. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba magogo ya ngazi ya juu yalipachikwa katikati ya yale ya chini, yakawa yanayasukuma kwenda nje. Nyaya zilizofunga ngazi ya kwanza hazikuhimili, na kebo za chuma zilizotumika miaka ya nyuma kuizungushia hazikuwekwa mwaka ule. Ujuzi ulirithishwa kwa mdomo tu, bila mhandisi kuukagua. Wanafunzi wanaoendeleza moto huo nje ya chuo hujenga kwa namna nyingine kabisa: kila gogo hugusa ardhi. Sisi hatuna mtaalamu wala ardhi ya kufanyia hivyo, basi hatutajaribu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mafunzo ya ishara kwa wapya yatafanyika kabla ya mechi ya ufunguzi dhidi ya UTSA (Chuo Kikuu cha Texas cha San Antonio), Agosti 30, 2025. Vaeni viatu vya kusimamia saa tatu na zaidi. Mkoba uwe wa plastiki angavu, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Mwingine hautapita getini.