Hamadi, usiiguse taimingi

Kunduchi, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Huku wazima, mama anakusalimu, umeme umekatika na ninaandika kwa tochi ya simu. Pole sana kwa msiba wa Mzee Kombo. Nimezipata habari kwa Shomari, watu wameshazika. Inshallah kusi likitulia nitavuka kuja kutoa mkono wa pole.

Sasa nisikilize. Shomari kanionyesha ujumbe wako, kwamba boti haina mbio tangu ilipogonga mwamba, na kuna fundi anataka kuisogeza taimingi mbele, yaani plagi ziwahi kupiga moto, eti mashine ichangamke. Nakuomba, asiiguse!

Umeandika mambo mawili yaliyonitoa usingizini. Ukivuta kamba ya kuwashia, inakurudisha mkono kwa nguvu. Na kabla ya huo mwamba, flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, ilifunguliwa kubadilishwa koili ya moto. Mashine inayorudisha mkono haidai moto uwahi. Moto umeshawahi mno, pistoni bado inapanda inakutana na mlipuko njiani. Ukiuwahisha tena, huenda ukaona kweli imechangamka, utamsifu fundi na utamlipa. Halafu siku una mzigo, mafuta umefungua mpaka mwisho, pistoni inatoboka kichwani, na wewe uko katikati ya Kilindoni na Nyamisati. Nani atakuja kukuvuta, Shomari? Yule hata ngalawa yake inamshinda.

Mimi nashuku kile kichuma cha nusu mwezi kinachokaa kwenye mfereji wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ndani ya flaiwili. Chenyewe kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Kinachoishika flaiwili ni koni ya kranki, ile ncha yake iliyochongoka, na nati iliyokazwa sawasawa. Nati ikiwa legelege, propela ikagonga jiwe, kranki inasita lakini flaiwili kwa uzito wake inasonga mbele kidogo, na kichuma kinapinda au kinakatika. Ikihama hata milimita moja pale kwenye koni, moto umewahi nyuzi kadhaa za mzunguko.

Na hapa ndipo mafundi wanapopotea. Atakuja na taa ya taimingi, ile inayomulika kila plagi inapopiga moto, ataibana kwenye waya wa plagi ya juu, atawasha, alama itasimama sawia na mshale, aseme haina neno, tuiongeze kidogo. Lakini alama imechorwa kwenye flaiwili, na sumaku inayoita moto iko kwenye flaiwili hiyo hiyo. Ikihama, vinahama vyote pamoja. Pistoni iko wapi, taa haijui. Inaiuliza flaiwili habari za flaiwili!

Kwa hiyo anza na pistoni. Vua kile kiklipu chekundu cha kuzimia, toa plagi zote mbili, waya zake ziguse bodi. Ingiza geji ya mshale, ile ya kupimia pistoni imepanda kiasi gani, kwenye tundu la silinda ya juu, zungusha flaiwili kwa mkono, upande wake tu. Usikisie kwa macho, maana pistoni ikifika juu kabisa inatulia, unazungusha nyuzi kadhaa na mshale hautikisiki. Simamisha milimita moja kabla ya kilele, chora chaki kwenye ukingo mbele ya mshale wa taimingi. Pitisha, simamisha milimita moja baada ya kilele, chora tena. Katikati ya michoro hiyo ndiyo juu yenyewe. Alama ya kiwanda ikiwa pengine, usitafute mchawi, fungua flaiwili. Na ifunguliwe kwa puli yake, kile kifaa cha kung'olea, si kwa nyundo. Kichuma kipya nitakutafutia Gerezani. Koni ifutwe ikauke, isipakwe grisi, na nati ikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kipimo cha kitabu cha mashine yako, si nguvu za mpwa wako.

Baada ya hapo ndiyo ulete taa. Sahani ya chini ya flaiwili inazunguka pamoja na mkono wa mafuta, na moto unahama nayo, kwa hiyo pima pande zote mbili, ikiwa taratibu na ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Hiyo ya mwisho pimia baharini, boti imefungwa gatini, sio kwenye pipa. Kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika kila plagi inapiga moto zaidi ya mara 80 kwa sekunde, kosa dogo halina pa kujificha.

Geji yangu naifunga kwenye kopo la biskuti, Jumatano nampa dereva wa gari za Nyamisati pale Mbagala. Taa unayo wewe tangu Ramadhani, usijifanye umesahau.

Nijibu haraka. Ile nati aliikaza nani, na kwa spana gani? Plagi zimetoka na rangi gani, au zina vidoa vidogo vinavyong'aa? Oili unachanganya kiasi gani? Maji ya kupoza yanaruka vizuri? Inarudisha mkono ikiwa baridi tu au hata ikishapata moto? Zuhura keshajifungua? Na huyo fundi, ni yule yule aliyeifungua mashine ya Mwalimu? Kama ndiye, mnyang'anye bisibisi kwanza, barua utanijibu baadaye.

Wako,
Saidi