Malalamiko kuhusu nyumba ya zamani tuliyoipanga kando ya barabara ya Kipushi

Lubumbashi, tarehe 14 Novemba 2024

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ndiye niliyepanga nyumba yenu ya zamani iliyo kando ya barabara ya Kipushi, kuanzia Ijumaa tarehe 8 hadi Jumapili tarehe 10 mwezi huu, kwa ajili ya sherehe ya wazazi wangu waliotimiza miaka 50 ya ndoa. Nililipa dola 1,200 za kodi na dola 300 za garanti, yaani amana ya kurudishwa, kabla ya kukabidhiwa funguo. Ninaandika kwa sababu nyumba tuliyoikuta siyo mliyoitangaza, na kwa sababu mmeizuia garanti yangu mkidai kwamba sisi ndio tuliolowesha magodoro.

Tangazo lenu lilieleza kwamba nyumba ilijengwa enzi za ukoloni wa Wabelgiji, mji wetu ukiitwa Elisabethville, kwamba imekarabatiwa kwa kufuata asili yake, na kwamba ina bustani kubwa yenye njia iliyopangwa miembe pande zote mbili. Bustani hiyo ndiyo iliyotuvuta. Baba yangu ni mzaliwa wa Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, na marehemu babu alitunza bustani za Wabelgiji mpaka nguvu zilipomwishia. Mzee alitamani siku moja aketi chini ya mwembe wa nyumba ya namna ile, wajukuu wakimzunguka, akiwa yeye ndiye mwenye shughuli.

Tulipofika hatukuona bustani. Kuanzia lango mpaka kwenye ngazi kumetandikwa vitofali vya saruji, bila shaka ili magari na mahema yapate nafasi, na miembe imekatwa yote. Nilihesabu visiki kumi na vinne, vimepakwa chokaa nyeupe na juu ya kila kimoja pamewekwa chungu cha maua ya plastiki. Mzee alisimama mbele ya kisiki cha kwanza, akainama, akapitisha kiganja juu ya mti uliokatwa, kisha akaniuliza kama hatujapotea njia. Sikuwa na la kumjibu. Mlinzi wenu alituambia kwamba miembe ilikatwa tangu mwaka jana, maana yake mliendelea kuitangaza mkijua kwamba haipo.

Jumamosi saa kumi jioni mvua ikanyesha. Sote tunaoishi Lubumbashi tunajua kwamba Novemba ni mwezi wa mvua, kwa hiyo nyumba inayopangishwa mwezi huo inatakiwa kuwa tayari kwa mvua. Vile vitofali vimeinuliwa kupita kizingiti cha baraza, na maji ambayo zamani yangezama kwenye udongo wa bustani hayakuwa na pa kwenda isipokuwa ndani. Yaliingia chini ya milango ya vioo mliyozibia baraza, yakafika sebuleni na katika vyumba viwili vya chini, ambako magodoro yalikuwa yamelazwa sakafuni kwa sababu vitanda mlivyoahidi havikutosha. Wakati huohuo maji yalivuja kutoka kwenye mabati, yakajaa juu ya plafo, yaani dari, ya plastiki hadi kipande kimoja kikaanguka juu ya meza ya chakula. Namshukuru Mungu kwamba watoto walikuwa wameshaondoka mezani.

Sasa nieleze jambo lililoniuma kuliko yote. Vyumba vikuu vilipolowa, mlinzi, baada ya kumpigia simu meneja wenu, aliwahamishia wazazi wangu katika kile mnachokiita kwenye tangazo chumba cha bustani. Bwana Mkurugenzi, ile ni boyeri. Ni kijumba cha nyuma, karibu na jiko, chenye kidirisha kimoja kidogo, kilichojengwa ili boyi, yaani mtumishi wa nyumbani, alale humo asionekane na wageni. Baba alikitambua kabla hajavuka mlango. Alilala humo usiku wa sherehe yake, akiwa na umri wa miaka 76, na asubuhi hakutaka kulizungumza.

Mimi ni fundi mwashi, na mambo mengine niliyaona kwa jicho la kazi. Nyumba za zamani za mji huu ziliwekewa kuta nene za matofali ya kuchoma, dari ya juu, matundu ya hewa chini ya paa na baraza pana, ili zipate ubaridi bila mashine yoyote. Matundu mmeyaziba, baraza mmeifunga, na kuta zilizokuwa na lipu ya chokaa mmezipiga lipu ngumu ya saruji, ambayo inazuia unyevu usitoke. Katika chumba cha kaskazini nilipogusa ukuta kwa kidole, rangi ilitoka kama unga na chini yake kulikuwa na chumvi nyeupe. Kazi ya namna hiyo haistahili kuitwa ukarabati wa kufuata asili, na mkiiacha hivyo matofali yenyewe yataanza kumegeka.

Jumatatu meneja wenu aliniambia kwa simu kwamba mvua haimo katika mkataba. Mkataba ninao, na unataja bustani, vitanda 12 na vyumba sita vya kulala. Tulipata vitanda saba, vyumba vinne vilivyo vikavu, na bustani hatukupata kabisa.

Kwa hiyo naomba mnirudishie dola 300 za garanti yote na dola 600, yaani nusu ya kodi, katika muda wa siku 15 tangu mpokee barua hii. Naomba pia muondoe picha za miembe kwenye tangazo, na kile kijumba cha nyuma mkiite kwa jina lake au msikipangishe. Muda huo ukipita bila jibu la maandishi, nitalipeleka shauri mahakamani pamoja na mkataba, risiti na picha nilizopiga usiku ule.

Nawasilisha kwa heshima,

Mteja wenu wa tarehe 8 hadi 10 Novemba 2024

Viambatisho: nakala ya mkataba, nakala za risiti mbili, picha 11.