Yah: Malalamiko kuhusu kuwekewa Windows 11 kwa akaunti ya duka lenu

Morogoro,
27 Oktoba 2025

Meneja,
Duka la Kompyuta na Huduma za Ufundi,
Morogoro Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninayo mkononi risiti yenu ya Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025, shilingi 90,000, kwa kazi ya kupandisha Windows kwenye kompyuta mbili. Moja ni laptopu yangu, nyingine ni ya mezani ambayo wanangu huitumia nyumbani. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia sekondari, na kwenye laptopu hiyo natunga mitihani na kutunza alama za wanafunzi.

Nilikuja kwenu kwa hiari yangu. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, miaka kumi baada ya mfumo huo kutoka Julai 2015. Nilijua kompyuta zingeendelea kuwaka kama kawaida, ila marekebisho ya usalama yasingekuja tena kama zamani. Kwa mtu anayefungua barua pepe za wazazi na kuchomeka fleshi za wanafunzi kila siku, hilo si jambo la kuliacha lipite. Nikaja siku nne baadaye.

Windows 11 yenyewe sina ugomvi nayo. Ilinichukua siku mbili kuizoea. Kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehamia katikati, nikakirudisha kushoto kupitia mipangilio. Ule mstari wa chini nilikuwa nimeuweka ubavuni mwa skrini kwa miaka mingi, sasa haukubali kutoka chini, na hilo bado linanikera. Lakini nimependa kufungua folda kadhaa ndani ya dirisha moja, na nimependa zaidi ule mpangilio wa kugawa skrini: mtihani wa mwaka jana upande huu, wa mwaka huu upande ule, macho yanapita huku na huku bila kuhangaika na kipanya.

Jumatano tarehe 22 nilimaliza kuchapa mtihani wa mwisho wa mwaka wa kidato cha tatu, nikauhifadhi kwenye deskitopu. Kesho yake asubuhi nilipowasha laptopu nikakuta mafaili mapya yamekaa jirani na mtihani wangu. Bajeti ya harusi. Barua ya mtu anayeomba kazi ya udereva. Picha ya kitambulisho cha taifa, sura na namba vinaonekana wazi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Kwanza nilidhani wanangu wameingiza fleshi ya mtu. Binti yangu ndiye aliyebofya kitufe cha kuanzia akanionyesha jina lililo pale chini: ni la duka lenu, na barua pepe iliyofungua akaunti ni ya duka lenu.

Ndipo nikaelewa. Laptopu ilipigwa windo upya, yaani iliwekewa Windows kuanzia mwanzo, na toleo la Home la Windows 11 linapowekwa huomba intaneti na akaunti ya Microsoft kabla halijakuruhusu kuendelea. Fundi wenu hakunipigia simu kuniuliza, wala hakusubiri nije nifungue yangu. Aliingiza ya duka. Na akaunti ikishaingia, OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, inaweza kuanza yenyewe kunakili deskitopu na folda ya nyaraka kwenda kwenye hifadhi ya mwenye akaunti, na ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mwenye akaunti ni ninyi. Kwa kuwa mmeitumia akaunti hiyohiyo kwenye kompyuta za wateja wengine, vya kwao vinakuja kwangu na vyangu vinakwenda kwao.

Naomba mlitafakari hilo kwa uzito wake. Mtihani ambao wanafunzi hawajaufanya unaweza kuwa umekaa sasa hivi kwenye skrini ya mtu nisiyemjua hapa mjini, ambaye huenda ana mtoto kidato cha tatu shuleni kwetu. Ijumaa nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma nikamweleza nilichokikuta. Siwezi kumhakikishia kwamba mtihani ni siri wakati najua sivyo. Tumeufuta. Jumamosi na Jumapili nimekesha natunga mwingine, maswali yote, michoro yote, kwa mkono kwanza kwa sababu sikuthubutu kuigusa mashine hiyo.

Alama za wanafunzi ndizo zinazoninyima usingizi zaidi. Majina yao, matokeo ya miaka mitatu, na namba za simu za wazazi vyote vilikuwa kwenye folda ya nyaraka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia. Wazazi walinipa namba hizo mimi, kwa ajili ya watoto wao. Hawakuwapa ninyi, wala yule anayeandaa harusi. Na yeye pia, pamoja na mwenye kitambulisho, wana haki ya kuambiwa kwamba vitu vyao vimeonekana nyumbani kwangu. Nimevifunga bila kuvisoma. Sijavifuta, kwa hofu kwamba nikivifuta kwangu vitafutika na kwao.

Kuna jingine kwenye laptopu hiyohiyo. Juu ya alama ya diski C kuna kufuli dogo, maana yake diski imefungwa kwa usimbaji, yaani vilivyomo havisomeki bila ufunguo. Ni ulinzi mzuri mashine ikiibiwa. Lakini ufunguo wa kuifungua ikikwama, ule wa tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuiweka, yaani yenu. Siku laptopu ikiniomba ufunguo huo usiku wa manane, mimi mwenye mali sina. Hata bando nimelilipia mimi: GB 10 nilizonunua Jumapili ziliisha Jumanne, na sikujua zimekwenda wapi mpaka nilipoona haya.

Kuhusu ile ya mezani nitasema kwa kifupi. Prosesa yake ni Intel Core i3 ya kizazi cha sita, na haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana, na i3 ya kizazi cha sita haimo. Fundi wenu aliuruka ukaguzi huo, akaupandisha mfumo kwa nguvu, na hakuniambia. Sasa kwenye mipangilio kuna maandishi yanayosema kompyuta haijatimiza vigezo. Microsoft wenyewe wanasema kompyuta za namna hiyo hazihakikishiwi kupata masasisho, na masasisho ndiyo niliyoyafuata kwenu. RAM ni GB 4, diski ni ya kuzunguka. Inachukua dakika sita kuwaka. Kawaida mtu aliyepandishwa hivyo ana siku kumi za kurudi alikotoka. Nilipojaribu, kitufe hakikubali, kwa sababu baada ya kazi fundi alisafisha diski na kufuta mafaili ya mfumo wa zamani.

Angeniambia tu, "Mwalimu, hii haifai," ningeshukuru na kumlipa muda wake. Njia nyingine ilikuwepo: kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 inaweza kusajiliwa iendelee kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na hata bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti yake ya Microsoft. Mwaka mzima wa kujipanga kununua nyingine.

Kwa hiyo naomba haya, na nayataka nikiwa nimesimama pale. Kwanza kabisa, akaunti ya duka itolewe kwenye laptopu yangu, na mafaili yangu yafutwe kwenye hifadhi yenu, pamoja na kwenye pipa la taka la hifadhi hiyo, mbele ya macho yangu. Kisha niweke akaunti yangu mwenyewe, kwa nywila nitakayoichapa mimi, na ufunguo mpya wa diski niuchape kwenye karatasi. Ile ya mezani irudishiwe Windows 10 na isajiliwe kwa huo mwaka mmoja. Shilingi 45,000 za kompyuta hiyo nirudishiwe. Na wateja wote mliowawekea akaunti ile wapigiwe simu wiki hii hii. Hilo sitalijadili bei.

Sisemi kijana wenu ana nia mbaya. Alinipokea kwa adabu, alinibebea mashine hadi kwenye bajaji. Nadhani hakuna aliyemfundisha kwamba akaunti si bisibisi ya kupokezana mteja baada ya mteja.

Nitafika dukani kwenu kesho, Jumanne, saa tisa alasiri nikitoka shule, na kompyuta zote mbili na risiti. Naomba uwepo wewe mwenyewe.

Wako mteja,
Mwalimu, mwenye risiti ya tarehe 18 Oktoba 2025