Barua ya wazi kwa msimamizi wa mradi wa makumbusho, Old Moshi

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Jina langu unalo kwenye faili la waliotoa ardhi. Naandika hadharani kwa sababu barua nilizopitisha kwa mtendaji wa kijiji hazijajibiwa hata moja, na mvua ya juzi usiku imeleta kile nilichokuwa nakiogopa. Ukingo wa shimo la msingi umebomoka upande wa kihamba changu, shamba letu la nyumbani. Migomba imeshuka nao, mimea ya masale ya mpaka imeshuka, na ufa umefika hatua chache tu kutoka kaburi la mume wangu.

Yeye ndiye aliyemega kipande cha kihamba ili malori yapate njia. Ulikuwepo, Mheshimiwa. Ulisimama mbele ya wazee ukaahidi kwamba mfongo, mfereji wetu wa maji, hautaguswa, kwamba njia itawekewa kalvati, na fidia italipwa kabla ya zege kumwagwa. Mume wangu hakusubiri fidia. Alitaka wajukuu wasome ukutani habari alizosimuliwa na babu yake: Mangi (yaani chifu) Meli alivyowashinda Wajerumani mwaka 1892, kisha akanyongwa hapa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha na wenzao, watu 19 kwa jumla.

Mwaka 2023 watu wa makumbusho ya Berlin, Ujerumani, walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu ambayo Wajerumani waliyachukua huku na koo zinazoishi Kilimanjaro mpaka leo. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwemo. Wazee walilia siku ile. Sasa nakuuliza: mabaki hayo yakirudi, mtayapokelea wapi? Kwenye shimo lenye maji ya kiunoni?

Nondo zilizosimamishwa zimeota kutu, ukizishika mkono unatoka mwekundu. Saruji iliyoachwa chini ya turubai imeganda ndani ya mifuko, watoto wanaikalia wakichunga mbuzi. Kwenye bango la mradi, tarehe ya kukamilisha kazi imefutwa na jua.

Watu wanasema mengi. Wapo wanaosema mkandarasi aliondoka kwa kuwa hati zake za malipo zimelala ofisini. Wengine wanasema mhandisi mshauri aligoma kusaini, msingi umechimbwa nje ya ramani. Mimi nadhani yote mawili yamo. Lakini la mfongo halihitaji kusimuliwa, nimeliona kwa macho yangu. Waliufukia kwa kifusi ili malori yapite, kalvati hawakuweka. Maji yanayotoka juu yamekosa njia, yanaingia shimoni, yanatuama, halafu yanakula ukingo kutoka chini. Kiangazi kilichopita kahawa yangu ilikauka kwa sababu hiyo hiyo, na maharage sikuvuna. Yeyote aliyekulia huku angewaambia, kama mngeuliza. Mfongo ule ulichimbwa na wazee wetu, na kila ukoo unajua zamu yake ya maji.

Mheshimiwa, nilikuwa nadai fidia. Nilikuwa nadai pia mkandarasi arudi, tuambiwe fedha zimekwama wapi, tuoneshwe ramani. Hayo bado ni haki yetu. Ila leo naomba jambo moja: fungueni mfongo, wekeni kalvati mliloahidi, mjenge ukuta wa mawe kushikilia ukingo ule. Lori moja la mawe linatosha kuanzia. Vijana wa kitongoji wamekubali kujitolea nguvu zao.

Mnajenga nyumba ya kuwaheshimu marehemu wetu. Basi msiniache nilifukue kaburi la mume wangu nimhamishe kwa sababu ya shimo lenu. Masika bado. Tafadhali njoo mwenyewe wiki hii, uje na fundi. Wa kupiga picha walishakuja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mjane, Old Moshi