Mbona boti yetu haibebi mkate tena

Kila Disemba simu ni ileile. Mtu anapiga kutoka Nairobi ama Nakuru akitaka boti ya kumpeleka kuangalia samaki wa Watamu, ameshauliza bei, ameshauliza kama watoto wanaruhusiwa, halafu mwisho kabisa anauliza "na mkate mnatoa nyinyi ama tununue huku?" Tukimwambia siku hizi hatuwapi samaki mkate ananyamaza kidogo, na wengine hawapigi tena, tunawaona kesho yake kwa boti ya jirani. Sawa, riziki ni mafungu, lakini acha tulieleze hili jambo hapa mara moja ndio tusiwe tunaliandika upya kila siku kwa WhatsApp.

Kwanza tusijifanye malaika. Sisi wenyewe tumerusha mkate miaka mingi. Mnafika pale kwa matumbawe hapa Watamu, nahodha anazima injini, mtu anatupa kipande kimoja na papo hapo maji yanachemka samaki, watoto wanapiga kelele, kila mtu simu juu. Ila ukirudi nyumbani uiangalie ile video pole pole utaona kitu, wale samaki karibu wote ni wa aina moja, wale wadogo wenye mgongo wa njano na milia mitano myeusi. Hao ndio wakora wa mwamba. Wanakula chochote, hawaogopi mtu, na wakishajua mlio wa injini ni chakula watafuata boti hata kama hujabeba kitu, wenzao wenye haya wote wanabaki kujificha kwa mashimo. Kwa hivyo wewe umetoka Nakuru, umelipa tiketi ya hifadhi, umelipa boti, umekuja kwa bahari ambayo imelindwa tangu 1968 na ina mamia ya aina za samaki, halafu umeona aina moja ikigombania silesi.

Siku tuliyokata shauri ni siku mtoto wa mteja alishika kipande chini ya maji akangojea, samaki akaja akachukua mkate na kidole pamoja. Damu ilikuwa tone tu lakini kilio kilisikika hadi ufuoni na mtoto hakugusa maji tena siku hiyo, baba yake naye alitulipa bila kutuangalia usoni. Basi, mkate ukaisha hapo.

Sasa swali linakuja, bila mkate tutaona nini? Hapo ndipo sisi tunapenda kuulizwa.

Ukiingia majini usianze kukimbizana na samaki, laza tu uso chini utulie usikilize. Utasikia kra, kra, kra, kama mtu anatafuna mahindi makavu. Huyo ni pono. Meno yake yameshikana yakawa kama mdomo wa kasuku, anakwangua nao mwani kwa mwamba, na kule kooni ana meno mengine ya kusaga, kipande cha mwamba alichomeza pamoja na chakula kinageuka unga na anautoa nyuma kama moshi mweupe. Wale wakubwa wanatoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Yaani huu mchanga mweupe mnaopigia picha, sehemu yake imepita kwa tumbo la pono, na watoto wakishaambiwa hivyo wallahi hawataki kusikia habari nyingine safari nzima. Na ile kazi ya kukwangua si mchezo, mwani ukiachwa unafunika matumbawe machanga yanakosa mahali pa kushika, ndio maana hatutaki kuzoesha samaki kungoja silesi. Usiku aina nyingine za pono hujitengenezea kifuko cha ute kutoka mdomoni wanalala ndani yake, ni chandarua kabisa, kinawakinga na vidudu vinavyotembea usiku kunyonya damu.

Wageni pia huuliza kwa nini pono mmoja ni kahawia hana mvuto na mwingine ana kijani na bluu ya kuwaka. Mara nyingi ni aina hiyohiyo moja. Wengi wao huanza maisha wakiwa majike, baadaye jike mkubwa anageuka dume na kuvaa nguo mpya.

Mahali tunapokaa zaidi lakini ni kwa kinyozi. Ndivyo sisi tunavyopaita. Kuna kasamaki kembamba ka urefu wa kidole, bluu na mstari mweusi ubavuni, kana kona yake kwa mwamba na kazi yake ni kusafisha samaki wengine. Chewa mkubwa ambaye angeweza kukameza mara moja anakuja, anasimama, anafungua mdomo, kale kanaingia hadi ndani ya mashavu kanaokota vidudu kisha kanatoka salama, na wengine wako nyuma wanangoja zamu. Kinachotuchekesha sisi watu wa biashara ni kwamba kinyozi mwenyewe anapenda ute wa ngozi ya mteja kuliko vidudu, akipata nafasi anaiba, anamng'ata mteja kidogo na mteja anaruka. Watafiti wamewatazama sana hawa, na wameona kwamba samaki anayezunguka mbali, mwenye uwezo wa kwenda kwa kinyozi mwingine, ndiye anahudumiwa haraka na kwa adabu, yule asiye na pa kwenda anangojeshwa. Bahari nzima inajua mambo ya boti ya jirani! Na kuna tapeli pia, samaki mwingine kabisa anayefanana na kinyozi rangi na hata mwendo, mteja akisimama ashughulikiwe huyo anamnyofoa kipande cha pezi na kutoroka. Sisi tukifika hapo tunaomba mtulie dakika kumi bila kupiga piga miguu. Mkirusha mkate pale wale wakora wenye milia wanavamia na foleni yote inavunjika.

Kwa watoto tuna samahani moja. Yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu mieupe ambaye wote wanamjua haishi bahari hii, yuko kule Indonesia na upande huo. Ndugu zake tunao wa aina mbili, mmoja amekoza karibu mweusi ana mistari miwili mieupe na mkia mweupe, mwingine ana rangi kama ya pichi na mstari mmoja mweupe juu ya mgongo. Wanaishi ndani ya anemoni, ile yenye mikono laini inayowasha, wao hawaumii kwa sababu ya ute wa ngozi yao. Kwa kila nyumba aliye mkubwa kuliko wote ni mama, anayemfuata ni mume, wanaobaki ni vijana. Mama akifa, mume ndiye anageuka kuwa mama na kijana mkubwa anapanda cheo. Wazazi, hili mtaeleza wenyewe kwa gari mkirudi.

Samaki wa kujihadhari naye ni yule anayeitwa kikande mkubwa. Akiwa na mayai anafukuza mtu na ana meno kweli. Eneo analolinda linapanda juu kama faneli, kwa hivyo ukiogelea kwenda juu bado uko kwake, toka kwa upande, na ukiona nahodha anakupungia mkono usianze kubishana.

Kuhusu saa ya kuondoka, hatuna saa moja ya kudumu na wengi hukasirika. Maji kujaa na kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, yaani zile maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, hapa kwetu yanakupwa sana kwenye saa nne asubuhi, ukiingia wakati huo magoti yanagonga matumbawe, na yale ya mviringo makubwa mengi yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, teke moja limeondoa miaka. Maji yakijaa kabisa nayo mwamba unakuwa chini sana na rangi inapotea, nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa, kufika mita tano kumi hivi kila kitu kwa simu yako ni bluu na kijivu halafu unasema samaki wetu wamepauka. Tunataka maji ya katikati. Tutumie tarehe yako, sisi tutakuambia saa.

Kuja na fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua. Maski na laifjaketi tunazo, za watoto pia. Mkate ukitaka leta, tuna thamosi mbili za chai ya tangawizi, mtakula mkishapanda botini.