Shahidi wa mzimu naye aulizwe maswali

Mhariri,

Habari yenu ya wasichana wa shule ya bweni waliotimka usiku kwa sababu ya "mwanamke mweupe" dirishani niliisoma mpaka mwisho nikitafuta kitu kimoja tu: taa. Mwandishi wenu ametupa mayowe, maombi, mchungaji aliyeitwa saa nane za usiku na wazazi waliofika asubuhi kuchukua watoto wao. Hakusema kama umeme ulikuwepo, kama mwezi uliwaka, wala kitanda cha aliyeona kiko umbali gani na dirisha. Wala hatujui ni nani aliyeona na ni nani aliyesikia tu. Watoto arobaini wakipiga kelele, huenda aliyeona kitu ni mmoja.

Nimestaafu polisi, upande wa upelelezi, na kesi zilizonitoa jasho ni za usiku. Mtu amelala, mlango unavunjwa, tochi inammulika usoni. Kesho yake anaapa kwamba aliyemkata panga ni jirani yake. Hasemi uongo, anasadiki kabisa. Lakini tangu kesi ya Abdalla Nabulere ya 1979, hakimu wa Uganda anatakiwa kwanza ajionye kwamba hata shahidi mkweli hukosea, ndipo apime: mwanga ulikuwaje, umbali gani, alimtazama kwa muda gani, na je, alikuwa akimfahamu kabla ya hapo? Mwizi wa kuku anapewa haki hiyo. Mzimu tunauhukumu kwa yowe la kwanza.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Mwislamu. Majini yametajwa ndani ya Kurani na siwezi kuyakana. Ila kukubali kwamba majini yapo hakuthibitishi kwamba lililokuwa dirishani usiku ule ni jini.

Kuna bundi mmoja, yule wa uso mweupe wa duara, anayependa kuishi kwenye dari za makanisa, maghala na mabweni. Tumbo lake ni jeupe, na akiruka juu ya kichwa chako husikii bawa. Sauti yake si ule mlio wa bundi tuliouzoea; ni ukelele mrefu wa kukwaruza, kama wa mtu anayekabwa. Mmulike kwa mbali uone kama hutakimbia. Je, kuna aliyepanda darini pale shuleni? Akiwepo bundi, atakuwa ameacha vitonge vya manyoya na vifupa vya panya, maana hutapika asichoweza kusaga.

Kuhusu hofu kuhama kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, mfano tunao hapa jirani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kufikia shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, kwa kicheko na vilio, na waliporudishwa makwao vijiji navyo vikaambukizwa. Madaktari Rankin na Philip walitafuta sumu na vijidudu wasipate kitu. Wale watoto hawakuwa wakiigiza, na hapakuwa na mchawi.

Sigiri nayo, yaani jiko la mkaa, ina kesi zake. Mvua ikinyesha watu huingiza mkaa ndani na kuziba dirisha kwa gunia. Moshi huoni, harufu hakuna, kumbe kaboni monoksaidi inawaingia: kichwa kinauma, kifua kinakuwa kizito. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika juu ya familia iliyokuwa ikisikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo, hadi tanuri bovu la kupashia nyumba joto lilipogunduliwa. Kwetu, anayezinduka katika hali hiyo atasema amekabwa na mzimu, na badala ya kufungua dirisha anapelekwa kwa mganga.

Halafu kuna ugonjwa wa kutikisa kichwa wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda. Watoto walipoanza kutikisa vichwa mbele ya chakula na kuanguka kifafa, wazee wengi walisema ni cen, roho za waliouawa vitani wakikosa maziko. Siwacheki. Mtu aliyeona miaka ile ya vita ana haki ya kuwaza wafu. Lakini ugonjwa ulifuata mito yenye inzi weusi wanaoeneza minyoo ya upofu wa mtoni. Watu walipopewa dawa ya minyoo iitwayo ivermectin na mito ikatiwa dawa ya kuua mabuu ya inzi hao, wagonjwa wapya walipungua mno. Wanasayansi bado wanabishana jinsi minyoo inavyoudhuru ubongo, lakini sijasikia roho za wafu zinazopungua kwa dawa ya inzi.

Ninayahangaikia haya kwa sababu baada ya mzimu huulizwa: umetumwa na nani? Salvatori Abuki wa Aduku alitiwa hatiani chini ya Sheria ya Uchawi ya 1957, akahukumiwa kifungo na kisha kufukuzwa nyumbani kwake miaka 10. Ilibidi shauri lifike hadi Mahakama ya Juu, mwaka 1999, ndipo ikathibitishwa kwamba kumfukuza hivyo ni kinyume cha Katiba. Huyo angalau alifikishwa mahakamani. Wengine hufikiwa na mawe na petroli kabla mwenyekiti wa kijiji (LC1) hajavaa viatu.

Ndiyo maana aya yenu ya mwisho ilinikera kuliko mzimu wenyewe. Mliandika kwamba wanafunzi "wanamshuku" mpishi mmoja mzee, mkataja kijiji anakotoka. Jina hamkulitaja, sawa, lakini kijijini wapishi wa shule ile ni wangapi? Naomba toleo lijalo mseme wazi kwamba hakuna ushahidi wowote dhidi ya mama huyo, na mliandike ukurasa ule ule wa kwanza.

Afande mstaafu,
Arua