Barua ya wazi kwa Afisa wa Afya ya Wanyama: paka huyu ana mwenyewe

Mheshimiwa Afisa,

Nimekuja ofisini kwako mara mbili kwa ajili ya paka dume wa jirani yangu. Mara zote nilipokewa vizuri, nikasikilizwa, kisha nikaambiwa kwamba hilo ni jambo la majirani kukaa na kuzungumza. Tumekaa na tumezungumza. Sasa nakuandikia hadharani, kwa sababu nyumba zenye shida hii ni nyingi kuliko yangu, na jibu lako tunalingoja wengi.

Jina la jirani sitalitaja. Si mtu mbaya. Tunajuliana hali, na watoto wetu hucheza pamoja. Tunachotofautiana ni kimoja tu: yeye anaamini wajibu wake kwa paka unaishia kwenye sahani ya chakula.

Paka mwenyewe ni shume hasa, kichwa kikubwa, mashavu yamejaa, sikio moja limechanika. Anakula kwao, mchana analala kwao, na ana jina analoitwa. Jua likizama anakuwa mzigo wa mtaa mzima. Huja mlangoni kwangu, akaupa mgongo mlango, akainua mkia ukitetemeka, akanyunyizia mkojo. Aliyewahi kusikia harufu ya mkojo wa dume asiyehasiwa anajua kwamba haiondoki kwa ndoo moja ya maji na sabuni. Nasugua asubuhi, usiku anarudi kuweka alama yake upya. Mama wa nyumba ya tatu ameacha kabisa kuanika nguo barazani.

Harufu ningeivumilia. Mapigano ndiyo yaliyonifikisha hapa. Paka wangu amehasiwa na hatafuti ugomvi, lakini alirudi alfajiri moja na kitundu kidogo karibu na shina la mkia, kidogo kiasi kwamba sikukitilia maanani. Siku chache baadaye pamevimba, pana moto, na mnyama hataki kula. Daktari alipopasua ulitoka usaha mwingi. Akanieleza kwamba jino la paka ni jembamba na refu: linapeleka bakteria ndani ya nyama, kisha ngozi inajifunga juu yake na uchafu unabaki humo. Akanieleza pia habari za virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka, vilivyogunduliwa mwaka 1986 huko California. Binadamu haviwapati. Kwa paka huenea hasa kwa kung'atana, na wanaoongoza kuvibeba ni madume wazurura wasiohasiwa. Havina dawa ya kuviondoa. Kwa hiyo hata huyo shume, Mheshimiwa, kila usiku anaotoka anaweka rehani maisha yake mwenyewe.

Nilipomfuata jirani na habari hizi, alinijibu maneno ambayo hayajanitoka kichwani: “Huyu ni dume, hazai nyumbani kwangu.”

Ni kweli, hazai nyumbani kwake. Watoto wake wanazaliwa nyumbani kwetu sisi. Mwaka huu nimekuta watoto wa paka chini ya ngazi zangu mara mbili. Mzee mmoja wa jirani alikuta wengine nyuma ya tangi la maji, wawili wakiwa wameshakufa, na aliyewazika ni mjukuu wake wa miaka tisa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, yaani bado ni mtoto machoni petu. Hubeba kwa wiki tisa hivi, huzaa wanne au zaidi, na wiki chache baadaye anaweza kutafuta dume tena huku akinyonyesha. Dume mmoja hupanda majike wengi, na mwenye dume haoni hata mtoto mmoja. Ndiyo maana kumwachia yeye aamue akipenda ni kumwachia uamuzi mtu asiyeumia.

Haki inanitaka niongeze jambo. Watoto wa mzao mmoja wa paka wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba wote ni wa shume huyu. Wala siombi aadhibiwe paka mmoja au jirani mmoja. Naomba utaratibu unaomgusa kila anayefuga, mimi nikiwamo.

Unajua kuliko mimi hatari ya kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni karibu muujiza, na paka asiyechanjwa anayeng'atana usiku kucha anaweza kuuleta ugonjwa huo ndani ya uwanja wenye watoto. Unajua pia habari za vimelea vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi cha paka, na hofu yake kwa mama mjamzito. Kinyesi hicho tunakikuta kwenye mchanga ambao watoto wanaufinyanga.

Lakini kinachonikosesha usingizi kwa sasa ni neno sumu. Nimelisikia kwa watu wawili, tena watu wapole, waliochoka. Sumu haichagui paka. Itamkuta mbwa, itamkuta kuku, itamkuta mtoto anayetambaa, na paka atakayeila atakufa kwa mateso makubwa kwa kosa ambalo si lake. Ofisi ikikaa kimya, siku moja mtu atafanya hivyo.

Na yote haya yana tiba inayojulikana. Kumhasi paka dume ni upasuaji wa dakika chache chini ya nusu kaputi, na paka mzima wa afya hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa madume walio wengi, takriban tisa kati ya kumi, kunyunyizia mkojo hupungua sana au hukoma, na kuzurura na kupigana hupungua vilevile. Si kwa siku moja: homoni hushuka polepole, na kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji bado anaweza kumpa jike mimba, hivyo inafaa abaki ndani muda huo. Jirani ana hofu kwamba paka wake ataacha kukamata panya. Kuwinda hakutokani na homoni za uzazi. Paka wangu ni shahidi. Ila hunenepa haraka akipewa chakula kile kile, na hilo mwenyewe anaweza kulisimamia.

Wako waliokwisha kulifanya hili kuwa sheria. Mji wa Paderborn nchini Ujerumani uliwataka wenye paka wanaotoka nje kuwahasi tangu mwaka 2008. Jimbo la Australia Magharibi lilitunga sheria ya paka mwaka 2011: akifikisha miezi sita awe amehasiwa, ameandikishwa na ana alama ya kumtambulisha. Hawakuifanya kwa kuwachukia paka.

Ninachoomba ni hiki. Ofisi yako ipendekeze sheria ndogo ya kwamba anayemlisha paka na kumwacha atoke nje ndiye mwenye wajibu wa kumhasi na kumchanja, awe dume au jike. Kabla ya faini yoyote, tengeni siku ambazo daktari wenu atawahudumia wasio na uwezo, kwa sababu najua wapo wanaokwama kwenye gharama tu. Na tafadhali msitume watu kuja kuwakusanya paka na kuwatokomeza. Wakiondolewa hawa na chakula kipo, wengine watahamia na tutaanza upya. Wale wasio na mwenyewe wakamatwe, wahasiwe, warudishwe walipokuwa.

Huku tukisubiri sheria, iandikieni nyumba hii barua moja tu ya ushauri kutoka kwa daktari. Mimi ni jirani, neno langu analichukua kama lawama. La kwako atalichukua kama la mtaalamu. Nimeshamwambia kwamba nitachangia nusu ya gharama na kumbeba paka mwenyewe kwenye kikapu, na ahadi hiyo narudia hapa mbele ya watu.

Chini ya ngazi zangu wamebaki watoto watatu, wawili kati yao majike. Watatimiza miezi minne mwishoni mwa mwezi ujao. Hao nitawapeleka mimi, lakini shume bado yuko nje.

Wako kwa heshima,

Mkazi wa mtaa wako